Breki Zinazolegea na Kurudi: Namna ya Kutafuta Ubovu Usiotulia katika Lori Kuukuu

Lori ambalo breki zake zimekufa kabisa huvutwa hadi gereji, na chanzo cha ubovu wake kwa kawaida hujulikana siku hiyohiyo, kwa sababu mpira uliopasuka au busta iliyochanika haijifichi. Linalotisha zaidi ni lile ambalo breki zake hulegea alasiri likiwa na mzigo katikati ya mteremko, kisha likifika tambarare, likapoa na kukaguliwa, husimama vizuri kiasi kwamba dereva aliyelalamika huonekana mwoga au mzushi. Fundi ambaye hakuuona ubovu kwa macho yake huanza kubahatisha: hubadilisha valvu moja leo na nyingine wiki ijayo, huku mwenye lori akilipia vipuri ambavyo vingi havikuwa na kosa lolote. Hoja ya makala haya ni kwamba ubovu wa namna hiyo haupatikani kwa kubadilisha vipuri, bali kwa kuirudisha hali iliyozilegeza breki, yaani joto, mzigo na matumizi makubwa ya upepo, na kupima wakati hali hiyo ingalipo.

Ili kuelewa kwa nini hali hiyo ina uzito kuliko kipuri chochote, yafaa kwanza kuutazama ukubwa wa kazi inayodaiwa breki. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu lori pamoja na tela lake kufikia tani 56, lakini hata lori la tani 40 tu, likiteremka kwa kilomita 40 kwa saa kwenye mwinamo wa asilimia 6, yaani barabara inayoshuka mita 6 kwa kila mita 100, husukumwa na uzito wake lenyewe kwa nguvu inayokaribia kilowati 260. Sehemu ndogo ya nguvu hiyo huliwa na matairi na upepo wa mbele, lakini zaidi ya kilowati 200 lazima zizuiwe na injini au zigeuzwe kuwa joto ndani ya breki. Kama dereva ametoa gia na kuliacha lori liende frii, kila moja ya breki kumi za magurudumu hulazimika kumeza zaidi ya kilowati 20 mfululizo kwa muda wote wa mteremko, na miteremko kama Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, Iwambi mkoani Mbeya, au Sachangwan kati ya Nakuru na Eldoret nchini Kenya, haimalizwi kwa dakika moja. Hakuna gereji yenye sakafu tambarare inayoweza kulionyesha lori katika hali hiyo.

Malori makubwa karibu yote ya barabara hizo hutumia breki za upepo, ambazo utendaji wake hutofautiana sana na ule wa gari dogo. Kompresa inayozungushwa na injini husukuma hewa hadi kwenye matenki na kuigandamiza, katika malori mengi, hadi kati ya bar 8 na 10, ambapo bar moja hukaribia mgandamizo wa kawaida wa hewa katika usawa wa bahari. Dereva akikanyaga pedali hazisukumi breki kwa mguu wake, bali hufungua njia ili hewa iliyohifadhiwa iende kwenye busta, yaani kopo la chuma lenye kiwambo cha mpira lililofungwa karibu na kila gurudumu. Kiwambo hicho husukuma fimbo, fimbo huvuta mkono mfupi uitwao slaki, slaki huzungusha mhimili wenye ncha ya umbo la herufi S, na ncha hiyo huzitanua shuu mbili hadi laini zake, ambazo ni mabamba magumu ya msuguano yaliyopigiliwa juu yake, zigandamane na ukuta wa ndani wa dramu. Kutokana na mpangilio huo, mguu wa dereva huhisi springi ya valvu tu na hauhisi dramu. Pedali inaweza kuwa na ugumu uleule wa kila siku ilhali nusu ya magurudumu hayashiki kitu. Dereva wa pikapu huonywa na pedali inayozama, ila dereva wa lori la upepo hana onyo la aina hiyo, na hii ndiyo sababu ya kwanza inayofanya ubovu huu uishi muda mrefu bila kutambuliwa.

Kuna dhana iliyoenea kwamba breki za upepo zikikosa nguvu basi upepo umekwisha, na dhana hiyo huwapeleka mafundi wengi moja kwa moja kwenye kompresa. Ukweli ni kwamba ekseli za nyuma za malori mengi zina busta za vyumba viwili, ambapo chumba cha pili hubeba springi kali iliyobanwa na upepo wenyewe. Upepo ukishuka karibu na bar 4 taa ya tahadhari huwaka au kengele hulia, na ukizidi kushuka springi hujitanua na kuzibana breki bila kuombwa. Lori lililoishiwa upepo, kama springi hizo ni nzima, hukokota magurudumu na hatimaye hukwama. Kwa hiyo taarifa moja tu ya dereva, yaani mahali pa mshale wa geji wakati breki zilipolegea, huugawa uchunguzi mzima katika njia mbili. Kama geji ilisoma bar 7 huku lori likiendelea kukimbia, akiba ya upepo ilikuwapo, na kasoro imo katika njia ya kuupeleka kwenye magurudumu au ndani ya magurudumu yenyewe. Ikiwa mshale ulikuwa unashuka kila pedali ilipokanyagwa, ndipo kompresa, mabomba na mivujo huwa watuhumiwa.

Njia ya kwanza ndiyo yenye mashaka zaidi katika lori kuukuu, na ndani yake chanzo kinachosahaulika kuliko vyote ni umbali ambao fimbo ya busta husafiri. Busta ya ukubwa wa 30, iliyoenea sana na ambayo namba yake humaanisha inchi za mraba 30 za kiwambo, hutoa msukumo unaozidi kilo 1,300 ikipata bar 7, lakini fimbo yake ya kawaida ina safari ya milimita 64 tu kabla haijagota kwenye ukuta wa kopo, na kikomo cha marekebisho kinachokubalika ni milimita 51. Laini zikiisha kidogo, fimbo husafiri zaidi kabla shuu hazijagusa dramu. Bushi za mhimili zikilegea, husafiri zaidi tena. Bado breki hushika, na lori husimama vizuri uwanjani. Kisha huja joto. Dramu la kipenyo cha milimita 420 likipanda nyuzijoto 300 za Selsiasi hutanuka kwa takriban milimita 1.4, na kwa kuwa slaki na mhimili hubadilisha mwendo mrefu wa fimbo kuwa mwendo mfupi wa shuu, utanuzi huo mdogo huidai fimbo isafiri karibu sentimita moja au zaidi. Fimbo iliyokuwa imefika milimita 51 dramu likiwa baridi sasa huelekea kugota, na msukumo wake huporomoka, mfano wa kamba ya kisima iliyotosha masika lakini ikaishia juu ya maji wakati wa kiangazi. Lori likisimama nusu saa kando ya barabara, dramu hupoa na kunywea, fimbo hurudi kwenye umbali wake wa awali, na breki hurudi. Fundi anayekuja baadaye hukuta kila kitu kiko sawa, na kwa kipimo cha macho yuko sahihi.

Joto hilohilo huharibu pia msuguano wenyewe. Laini inayopata joto kupita kiwango chake hushika kidogo kuliko ilivyoshika baridi, na ikiungua mara nyingi uso wake hung'aa kama kioo na kupoteza makali hata ukiwa umepoa. Dramu lililokwisha kuchongwa mara kadhaa hadi kupita kipenyo cha mwisho kilichopigwa chapa juu yake huwa na chuma kidogo cha kupokea joto, hivyo hupanda haraka zaidi na kutanuka zaidi, na matatizo haya mawili hukutana palepale. Sili ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, inayovuja nayo hulowesha laini kwa oili au grisi, kasoro ambayo huonekana lori linapovuta upande mmoja kila breki inapokanyagwa.

Hapa ndipo palipo na kosa la kusoma alama ambalo lastahili kusemwa waziwazi. Lori likishuka mteremko na gurudumu moja likafuka moshi, watu wote hulikimbilia gurudumu hilo, hulifungua na kulitangaza kuwa bovu. Linaweza kuwa bovu kweli, hasa kama breki yake haiachii. Lakini mara nyingi gurudumu linalofuka moshi ndilo lililokuwa likifanya kazi yake na ya wenzake, na mkosaji ni lile la upande wa pili ambalo limefika chini likiwa vuguvugu. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, ambacho hupima joto la chuma bila kukigusa, hutoa ushahidi ambao jicho haliwezi kutoa: magurudumu yote yakipimwa ndani ya dakika chache baada ya lori kusimama, lile lenye joto la chini sana kuliko wenzake kwenye ekseli ileile halikushiriki kuzuia lori. Fundi asiye na chombo hicho hapaswi kugusa dramu kwa mkono, kwa kuwa chuma cha nyuzijoto 300 hakigeuki chekundu wala hakitoi onyo.

Kati ya pedali na busta kuna njia ndefu, na umri huiharibu kutoka ndani. Pete za pistoni za kompresa iliyochoka hupitisha oili, hewa ya pwani na ya maziwa huleta unyevu, na mchanganyiko wa viwili hivyo, kama matenki hayafunguliwi na kumwagwa maji, hugeuka tope linalosafiri hadi kwenye valvu. Valvu ya rile, ambayo kazi yake ni kupokea ishara ya pedali na kuziachia ekseli za mbali upepo kutoka tenki la karibu ili zisichelewe, hunata ikiingiwa na tope hilo. Mara hufungua kikamilifu, mara hufungua nusu, na mara nyingine hukawia. Mpira wa upepo nao unaweza kuchanika tabaka lake la ndani bila dalili yoyote nje, na kipande kilichobanduka kikawa mlango unaoziba njia kila upepo unapokwenda kwa kasi na kufunguka unapopungua. Ubovu huo humchosha fundi kwa sababu mpira huo, ukijaribiwa kwa kupuliza taratibu, hupitisha hewa vizuri.

Malori yaliyotengenezwa Ulaya huongeza watuhumiwa wengine wawili. Mengi yana valvu inayosoma uzito wa mzigo, ambayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma lori likiwa tupu ili magurudumu yasiteleze, na kuirudisha likipakiwa. Katika ekseli za springi za mapande valvu hiyo huunganishwa kwa kijiti chembamba, na kijiti kikipinda, kikikatika au kikishika kutu, baadhi ya miundo hubaki ikidhani lori ni tupu. Dereva wa lori hilo hulalamika kwamba breki ni nzuri akirudi bila mzigo na ni dhaifu akienda nao, na wasiojua husema ni uzito tu. Mtuhumiwa wa pili ni mfumo wa kuzuia magurudumu kufungamana, ujulikanao kwa kifupi cha ABS, ambao husoma mzunguko wa kila gurudumu kwa kitambuzi kilicho karibu na pete yenye meno. Beringi ya habu ikilegea, nafasi kati ya kitambuzi na pete hutanuka na kubana kila gurudumu linapoyumba; kitambuzi hupoteza ishara, hasa katika mwendo mdogo, na kompyuta hudhani gurudumu limefungamana, ikaachia upepo wa breki ambayo haikuwa na kosa. Dereva huhisi lori likiruka mbele mita chache kabla ya kusimama. Mafundi wengi huzima ABS hapo, na kelele huisha kweli, ila beringi iliyolegea huachwa inaendelea kulegea.

Malori madogo ya aina ya Canter, ambayo mengi hutumia mafuta ya breki badala ya upepo, yana orodha fupi zaidi. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa, na yale ya daraja la DOT 3 ambayo yakiwa mapya huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 205, huweza kuchemka karibu na 140 yakishakunywa maji. Yakichemka hufanya mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama hadi sakafuni. Yakipoa, pedali hurudi juu. Kama pedali huzama polepole dereva akiwa ameikanyaga taratibu kwenye taa za barabarani, na kupanda akiikanyaga mara mbili za haraka, ipo sababu ya kushuku silinda kuu, ambayo mipira yake ya ndani hupitisha mafuta bila tone kuonekana nje. Na kama pedali hubaki ngumu ghafla ilhali lori halisimami, shaka huangukia kwenye busta ya kunyonya hewa, bomba lake, au valvu yake isiyorudisha.

Uchunguzi wenyewe huanza na kinywa cha dereva, na huu si upole bali ni mbinu. Dereva aulizwe ubovu ulitokea asubuhi au baada ya saa kadhaa za mwendo, kwa mzigo au bila, kwenye mvua au jua, geji ilisoma nini, lori lilivuta upande gani, na breki zilirudi baada ya muda gani. Breki zilizolegea asubuhi katika kukanyaga kwa kwanza huashiria unyevu au valvu inayonata, zilizolegea baada ya mteremko mrefu huashiria joto na safari ya fimbo, na zilizolegea baada ya kukanyagwa mara nyingi mfululizo kwenye foleni huashiria upungufu wa upepo. Mwenye lori anayemtuma utingo kulipeleka gari gereji huku dereva akiwa amelala nyumbani ameshatupa nusu ya ushahidi.

Baada ya maelezo hayo hufuata vipimo. Magurudumu huwekewa vizuizi, breki ya mkono huachiwa, injini huzimwa matenki yakiwa yamejaa, na mshale wa geji huangaliwa kwa saa. Kanuni za Marekani, ambazo zinafaa kuwa kigezo pale ambapo kitabu cha gari hakipo, huruhusu lori lisilo na tela kupoteza si zaidi ya takriban bar 0.14 kwa dakika pedali ikiwa haijakanyagwa na bar 0.2 ikiwa imekanyagwa, na kwa lori lenye tela moja bar 0.2 na 0.28. Kanuni hizohizo hutaka kompresa ya mfumo wa njia mbili ipandishe upepo kutoka karibu bar 5.9 hadi 6.9 ndani ya sekunde 45, injini ikiwa katika mwendo wake wa kazi. Kisha kila fimbo ya busta huwekewa alama ya chaki pale inapotokea, upepo hushushwa hadi kati ya bar 6 na 7, mtu mmoja hukanyaga pedali hadi mwisho na kuishikilia, na mwingine hupima kila fimbo imesafiri milimita ngapi. Kipimo hiki hakihitaji chombo kinachozidi futi ya chuma, na huzaa majibu mengi kuliko siku nzima ya kufungua valvu. Hurudiwa lori likiwa limetoka mteremkoni na dramu zake zikiwa bado moto, kwani tofauti ya kipimo cha baridi na cha moto ndiyo ubovu wenyewe uliokuwa ukitafutwa. Ikiwa fimbo zote ziko sawa, geji ya pili huunganishwa kwenye busta ya ekseli inayoshukiwa, na lori huendeshwa na mzigo ili upepo unaofika huko ulinganishwe na ule unaotoka kwenye pedali. Chumba chenye springi kali hakifunguliwi kwa hali yoyote kabla springi haijafungwa kwa boliti yake maalumu, kwa sababu springi hiyo ikifyatuka huua.

Kuna tiba tatu za haraka zinazozidisha ubovu badala ya kuuondoa. Ya kwanza ni kuubana au kuuziba mpira wa busta inayovuja ili lori liendelee na safari. Mvujo huisha, lakini gurudumu moja limestaafishwa na kazi yake yamegawiwa yaliyobaki, ambayo sasa hupata joto zaidi na kulegea mapema zaidi. Ya pili ni kuteremka frii ili kuokoa dizeli, jambo linaloondoa nguvu ya injini pale inapohitajika kuliko popote. Ya tatu ina sura ya uangalifu, na ndiyo maana inadanganya: slaki za kujirekebisha zenyewe, ambazo hufupisha safari ya fimbo kadiri laini zinavyoisha, hukazwa kwa spana kila zinapoonekana kulegea. Slaki ya aina hiyo ikilegea ina maana kwamba yenyewe ni mbovu au kitu jirani nayo kimechakaa, na kuikaza kwa mkono huficha dalili kwa siku chache tu. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilitoa onyo hilo baada ya kuchunguza ajali ya lori la kubebea kifusi iliyotokea Glen Rock, Pennsylvania, mwezi Aprili 2003.

Wenye malori basi wanaombwa kulipa gharama ambayo wengi huiona ya bure, yaani nusu siku ya lori lenye mzigo, dereva wake na fundi wake wakiwa pamoja kwenye mteremko mfupi wenye mahali salama pa kusimama, wakiwa na chaki, futi na geji. Na pale ubovu unapokuwa umelalamikiwa lakini haujapata kuonekana kwa vipimo, hata kama vipuri vipya vimefungwa na risiti zake zipo, lori hilo lihesabiwe kuwa halijatengenezwa, na lisipakiwe kwenda Kitonga.